Polima Inayozama

Judith na kaka yake Mika walikuwa na kiwanja kidogo cha plastiki chakavu nje kidogo ya mji wa Tunduma. Wazazi wao walikuwa bado wanalima kahawa Igamba, na mpaka leo hawajaelewa vizuri mtu anaishije kwa kukusanya madumu yaliyotoboka. Mika aliyayeyusha ndani ya pipa la chuma, akachanganya na mchanga, akatoa pevingi za kutandaza uani. Judith, aliyesoma kemia hadi kidato cha sita, ndiye aliyechambua.

Alichambua kwa maji. Vipande vya madumu na vifuniko vilielea kwenye beseni, na hivyo ndivyo vilivyokwenda pipani. Vipande vya mabomba vilizama, naye alivitia kwenye kiroba alichokifunga kwa kitambaa chekundu ili mtu asikosee.

Asubuhi ile Mika alikishika kile kiroba.

"Judi, madumu yamekwisha. Kanisa wanakuja kesho kuchukua pevingi mia mbili, na bado arobaini."

"Mabomba hayaingii pipani, kaka."

"Plastiki ni plastiki. Kwenye gemu letu la simu tunaokota polima, tunajengea nyumba. Umewahi kuulizwa ni polima ya aina gani?"

"Kwenye gemu hakuna anayevuta hewa." Judith alimnyang'anya kiroba. "Polima ni mnyororo mrefu, vipande vidogo vimeshikana maelfu kwa maelfu. Lakini si minyororo yote imebeba kitu kimoja. Wa dumu ni kaboni na haidrojeni basi. Wa bomba umebeba na klorini. Ukiuchoma inatoka gesi, na gesi hiyo ikikuta majimaji ya koo lako inageuka asidi."

"Sawa, mwalimu," Mika alisema, akacheka. Judith akarudisha kiroba pembeni ya ukuta, yakaishia hapo.

Saa tisa alasiri mvua ikashuka. Mika akafunga mlango wa banda ili maji yasirukie pipa, akaketi humo kwenye kigoda, moto ukiwa chini ya pipa na simu mkononi. Judith alikaa barazani na simu yake. Mvua ikinyesha hivyo wateja hawaji, na ndugu hao wawili walikuwa na mchezo wao: kisiwa cha barafu, njaa, mbwa mwitu, na watu wawili wanaotafuta namna ya kuishi.

Siku hiyo walikuwa wanapeleka polima kambini. Ile iliyochimbwa kwenye mawe hukaa hata mwaka, ila wao walikuwa wameipata kutoka kwa ndege wa barafuni, nayo huoza upesi. Zilibaki dakika nane iharibike, na kambi ilikuwa ng'ambo ya bonde.

"Pita kushoto!" Mika alipiga kelele kutoka bandani. "Nakulinda nyuma!"

Judith akakimbia. Alipogeuka kutazama, mtu wa Mika alikuwa amesimama katikati ya theluji. Mbwa mwitu watatu walikuwa wanamjia.

"Kaka, wanakuja! Kimbia!"

Mtu yule hakusogea. Mbwa wa kwanza akamrukia, akamng'ata, na bado alisimama tu kama gogo. Damu yake ikaanza kupungua kwenye kioo.

"Mika!"

Mvua tu kwenye mabati. Kisha harufu ikamfikia Judith, harufu kali ya kuchoma pua. Akatazama ukutani. Kitambaa chekundu kilikuwa chini kwenye matope, na kiroba hakipo.

Simu ilianguka hajui wapi. Akavua kanga, akaichovya kwenye beseni, akajifunga puani na mdomoni. Alipovuta mlango wa banda, moshi mweupe ulimpiga usoni, macho yakajaa machozi papo hapo. Akabana pumzi. Mika alikuwa sakafuni karibu na kigoda, amejikunja, anakohoa kikohozi kisicho na sauti. Judith akamshika kwapa zote mbili. Mara ya kwanza hakusogea. Mara ya pili Judith aliteleza, akaangukia goti, na pumzi ikamtoka; hewa aliyoivuta ilimkata kifua kama wembe. Akavuta tena. Mika akatoka hadi kizingitini, miguu ikiburuzika, hadi kwenye mvua.

Ndipo Lusungu, fundi pikipiki wa jirani, alipokuja mbio na ndoo. Ndani, plastiki iliyofurika mdomo wa pipa ilikuwa imeshika moto.

"Usimwage maji!" Judith alilia kwa sauti iliyokwaruza. "Itaruka, itakuunguza! Mchanga, Lusungu! Tupia mchanga, usiingie!"

Lusungu aliganda, ndoo imeinuliwa. Kisha akaitupa pembeni, akachukua koleo, akaanza kurusha mchanga wa pevingi akiwa mlangoni, uso ameugeuza, hadi moto ukazimika chini ya lundo.

Hospitali walimwekea Mika hewa ya mtungi. Daktari alisema kama angekaa bandani dakika chache zaidi, wangekuwa wanazungumza mengine. Asubuhi iliyofuata aliweza kunong'ona.

"Nilisubiri uende chooni," alisema. "Nilijua, Judi. Nilifikiri yatakuwa machache, hayatadhuru."

Judith alikuwa amejiandaa kumhurumia. Badala yake hasira ilimpanda, akatoka nje, akanawa uso kwenye bomba. Akampigia mzee wa kanisa kumwambia pevingi hazijatimia na kwa nini. Mzee akauliza mgonjwa amelazwa wodi gani.

Jioni aliporudi wodini, Mika alikuwa ameketi. Judith akavuta kiti, akammiminia uji, akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kaka yake alipomaliza kunywa.