Mshona Vifungo Aliyezama Sakafuni

Mshona vifungo alikuwa anatia kifungo cha tatu kwenye shati la sare pale nyayo zake zilipozama sakafuni. Sementi haikupasuka. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na msimamizi ndiyo kwanza alikuwa amepita akisema, "Mimba si ugonjwa, mama. Kaza mkono!"

Jioni alijichomoa, akarudi nyumbani. Mumewe, aliyeachishwa kazi, alikuwa amelala kauelekea ukuta. Mama mkwe akamtazama miguu, imejaa vumbi la sementi.

"Umezama?"

"Kidogo, mama."

"Hata mimi nilizama nilipombeba huyo," akasema mama mkwe, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Na nilipika."

Hakuwa mkorofi, maskini, ndivyo alivyofunzwa. Basi mshona vifungo akapika, huku kazama nusu ya muundi.

Wala msidhani alitaka makubwa. Alitaka mtu mmoja amsikilize bila kumkata kauli. Alikuwa na huzuni ya kulala nayo na kuamka nayo. Mtoto alipocheza tumboni hakufurahi, na hilo lilimtisha kuliko sakafu.

Siku ya kliniki akajikaza, akamwambia nesi.

"Dada, sina raha. Kuna siku naona afadhali nisiamke."

Nesi alikuwa na foleni hadi mlangoni, na kadi isiyo na nafasi ya maneno hayo.

"Ebo! Usikufuru. Wenzio wanalilia kupata."

Palepale akazama hadi magotini. Nesi naye akapiga magoti ili ampime tumbo, akaandika: hali ya mama, nzuri. Kisha akaita walinzi wawili wamng'oe, maana alikuwa anaziba njia.

Wiki iliyofuata, kazini, sakafu ilimfika chini ya kifua. Msimamizi akaleta seremala, akakata miguu ya meza yake.

"Sasa unafikia?"

"Nafikia."

"Hayo ndiyo maneno."

Wenzake wakamsogezea kikapu cha vifungo. Mmoja akamtania kwamba yeye sasa hana haja ya kiti, wakacheka, naye akacheka kidogo ili yaishe.

Mchana kukasikika kugonga chini ya sementi. Ko, ko, ko. Cherehani zikanyamaza.

"Nani huyo?" akauliza msimamizi.

"Mtoto."

"Mwambie asubiri saa ya kutoka."

Mshona vifungo akainamisha kichwa, akamwambia.