Dada wa Nabii

Watu walimwita Mama Sindano kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Mumewe alipofariki baada ya ugonjwa mrefu, wifi yake, dada wa marehemu, alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema kwamba kwa macho yake mawili alimwona mke huyo akimtilia kaka yake kitu ndani ya uji. Ushahidi haukupatikana, wala wa kuthibitisha wala wa kukanusha. Wazee wakamwondoa kwenye meza ya Bwana "kwa muda", wakamkalisha benchi la nyuma karibu na mlango, wanapokaa wanaochelewa na wenye watoto wanaolia. Muda huo haukuisha. Wateja nao wakapungua mmoja mmoja. Nani atamvalisha bibi harusi gauni lililoshonwa na mkono unaosemwa?

Tangu hapo alitaka jambo moja tu duniani: wifi yake alikane neno lile kwa kinywa kilekile kilicholinena, mbele ya wazee walewale.

Ndipo wifi akapofuka.

Kanisa hilo lilikuwa na desturi ya zamu: asiyeona husomewa Maandiko nyumbani kwake kila Alhamisi na mshirika mwenye macho mazuri. Zamu ya wifi ilikosa mtu, maana kila aliyetajwa aliugua ghafla. Mama Sindano akainua mkono kutoka benchi la nyuma.

Mzee wa kanisa, ambaye kwa ukubwa wa sauti yake aliitwa Kengele, alimfuata nje. "Mama, mtasomeana au mtararuana?"

"Mimi nitasoma tu, Mzee. Kuraruka ni juu yake."

Kengele akacheka, akidhani ni mzaha.

Wifi hakuwa mjuzi wa Maandiko. Miaka yote alikibeba Kitabu kwapani kama mkoba, akaenda nacho kanisani na kurudi nacho kikiwa kimefungwa vilevile. Mama Sindano alilijua hilo vizuri, na ndilo alilolitegemea. Kila alfajiri, kabla hajakanyaga cherehani, alifungua Kitabu akasoma kama mtu achaguaye fimbo. Alitafuta waliomezwa na ardhi, walioliwa na mbwa, waliosema uongo wakaanguka wakafa papo hapo. Alipoipata adhabu, alitia alama ya chaki pembeni. Rehema ilipoanza, alitia alama nyingine, ya kumwambia akomee hapo.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya yule dada wa nabii, aliyemsema vibaya mke wa ndugu yake akapigwa ukoma hata akawa mweupe kama theluji. Wifi aliyemsema wifi! Aliisoma Alhamisi ya kwanza, akairudia mara nyingi baadaye, akikomea penye ukoma na kufunga Kitabu kwa kishindo.

"Mbona leo pia hiyohiyo, wifi?" aliuliza kipofu siku moja, akipapasa ukingo wa kitanda. "Hamna zaburi humo? Hata ndogo?"

"Hili ndilo somo la leo."

"Haya. Endelea, wifi yangu. Nani atabishana na Mungu?"

Mama Sindano alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Lakini lilikuwepo jambo asilolipangia. Ili ajue pa kukomea, ilimlazimu kusoma hadi ng'ambo ya alama, na aliyoyasoma huko hayakukubali kubaki kitabuni. Alipopinda mapindo, yalimjia. Alipokata kitambaa yalimjia. Nabii, ambaye mkewe ndiye aliyesemwa, alimlilia Mungu amponye dada yake. Na taifa zima, pamoja na mizigo na mifugo, halikuondoka mahali pale hadi mgonjwa yule aliporudishwa kambini. "Ujinga," aliiambia cherehani. "Wangemwacha." Akakanyaga kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Wifi alianza kukonda. Chakula alikirudisha, na maneno ya kejeli yaliyokuwa riziki yake yakakauka. Alhamisi moja alisema, kabla Kitabu hakijafunguliwa, "Kamwite Kengele."

Mzee alipofika, wifi aliketi wima. "Sikumwona akitia kitu. Kaka yangu alipougua hakutaka uji wangu, alitaka wa mkewe tu. Iliniuma. Nikasema nililosema."

Kengele, safari hii kwa sauti ndogo, akauliza, "Utakubali nilitangaze Jumapili?"

"Tangaza. Mweke mbele, palepale alipokuwa."

Mzee akamgeukia Mama Sindano, akampa mkono, akatoka akifuta macho. Basi. Alikuwa ameshinda. Alingoja furaha ije, akauchukua mkoba wake.

"Wifi," kipofu aliita. "Yule dada aliishia wapi?"

"Nimekusomea."

"Kwenye ukoma?"

"Kwenye ukoma."

"Basi na mimi nimeishia hapo. Usijisumbue kuja tena. Nikifa wasiniimbie. Mtu kama mimi hana mahali humo, umenisomea Kitabu kizima nimesikia mwenyewe."

Mama Sindano alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Neno moja tu, "Ndivyo," lingetosha, na kisasi kingekamilika kuliko alivyowahi kukiota. Alifungua kinywa alitamke. Hapo akaiona hali yake kama mtu anayejiona kiooni bila kutazamia: yeye aliyesingiziwa alikuwa amemsingizia Mungu, tena kwa maneno yake Mwenyewe, wiki baada ya wiki, huku akijiita mwenye haki.

Akarudi, akaketi. Hakukifungua Kitabu, hakuhitaji.

"Haikuishia pale," alisema, na sauti yake haikuwa na huruma hata kidogo. Alizisema zile aya kwa hasira, kama atemaye miiba: kilio cha nabii, kuponywa kwa dada, watu wote wakimngoja.

Uso wa wifi ukakunjamana. "Wakamngoja?"

"Wakamngoja."

"Na wewe ulijua? Tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Mwanamke wewe!" Kipofu alitupa mto, ukagonga ukuta mbali na mlengwa. "Mimi nakufa njaa hapa, wewe unanikatia Neno la Mungu kama kitambaa! Halafu Jumapili nisimame mimi peke yangu? Hapana! Kengele hajafika mbali, na mlango uko hapo."

Chuki ya Mama Sindano haikuwa imekufa. Aliisikia bado ikimngurumia kifuani. Ilimwambia kwamba jina lake lingesafika Jumapili, na kwamba kipofu hana shahidi. Aliisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mlango, akasimama barazani mchana kweupe, majirani wakimtazama, akaita kwa nguvu kuliko alivyowahi kuita mtu:

"Mzee! Rudi, Mzee! Kuna la kwangu pia!"