Mlango Mmoja

Gatwiri alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba kule Makutano, na watu wa kazi hiyo wana ugonjwa wao: hawawezi kupita ukuta bila kuugonga. Jumamosi hiyo alikwenda Kanja kuona kanisa la zamani ambalo wazungu walijijengea enzi za ukoloni, lenye paa refu la mbao, madirisha ya juu juu na mlango mmoja tu. Alitaka pia kusikia kinanda chake cha kukanyaga.

Mzee Muchangi, mtunza kanisa, aliketi kinandani. "Tembea tu vile unataka, mwari wakwa," alimwambia, maana kwake kila msichana alikuwa binti yake. "Lakini hiyo mbao iko nyuma yangu usiguse."

Akapiga wimbo wa taratibu, kuta zikauitikia vizuri mno, hata Gatwiri akalisahau onyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aligonga ule ubao mara tatu, apime unene wake.

Mzee akainua mikono. Wimbo ulikoma, lakini sauti moja nzito ikabaki ikivuma nyuma ya ubao.

Nyuki wa kwanza alitoka kwenye ufa, wa pili akamfuata, kisha wakawa hawahesabiki. Gatwiri akarudi nyuma hatua moja. Alipokuwa darasa la sita, nyuki wawili tu walimlaza hospitali siku tatu.

"Mzee, mimi nyuki wataniua."

"Hawa wamezoea kinanda. Nikipiga wanatulia kidogo." Muchangi alikuwa ameanza kukanyaga tena. "Wewe toka polepole, usikimbie. Ukifika nje, na mimi nakuja."

Gatwiri alipita kati ya viti huku ameziba mdomo. Nyuki mmoja alitua shingoni, akatambaa hadi sikioni. Aliogopa mpaka machozi yakamtoka. Hatua za mwisho zilimshinda. Alisema mguu niponye, akachomoka nje, akausukuma mlango na kushusha komeo la nje.

Ndani kinanda kiliendelea kidogo, kisha kikanyamaza. Alisikia viatu vya mzee vikija mbio kati ya viti. Kiganja kikagonga mlango mara tatu.

"Mwari wakwa, fungua."

Mvumo nao ulikuwa umefika mlangoni, karibu kabisa na uso wake. Gatwiri alilishika komeo kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Mzee," alisema, na hakuliinua.