Pumzika, Kaka

Baba alipotolewa meno ya mbele, daktari alimwekea ya bandia na kumwambia kwamba kula atakula vizuri. Baba hakuwa ameuliza habari ya kula. Mpiga saksafoni hushikilia chombo kwa meno ya juu, na bendi ilikuwa inaondoka wiki ile kwa ziara ndefu.

Maisha yake yote alikuwa mtu wa njiani. Mama alizoea kuwaambia wageni, "Mke mkubwa ni saksafoni. Mimi nyumba ndogo." Wao wakicheka, yeye anaendelea kumenya vitunguu.

Siku ya mazoezi nilimsindikiza. Tulikuta ukumbi wa baa mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu inanuka bia iliyochacha. Tulijua wote wawili kwamba asipopiga vizuri, gari la bendi litaondoka bila yeye.

"Pafu, umependeza na meno ya dukani," mpiga ngoma akamtania Baba kwa jina lake la bendi. "Yasije tu yakaruka yakamuuma mtu."

"Nitaanza na wewe," Baba akamjibu.

Alilowesha ulimi wa saksafoni, kile kipande chembamba cha mwanzi, akapuliza. Hewa ikavuja pembeni mwa midomo. Noti za chini zikakwaruza, za juu hazikutoka kabisa. Akarudia. Meno yakateleza, akayasukuma kwa kidole gumba, mate yakamchuruzika kidevuni. Nikatazama viatu vyangu.

Kiongozi wa bendi, ambaye tangu utotoni namwita baba mdogo ingawa hatuna undugu wa damu, akainua mkono.

"Pumzika, kaka," alisema kwa upole.

Kwenye bendi yao neno hilo lina maana moja: nyamaza, hesabu, ngoja nikupe ishara uingie. Baba akaketi, mguu ukihesabu.

Mpiga kinanda akabonyeza kitufe. Sauti ya saksafoni ikatoka kwenye spika, safi, kavu, ikapiga sehemu ya Baba mwanzo hadi mwisho. Baba mdogo hakumtazama Baba hata mara moja. Wimbo ukaisha.

"Huu unaofuata naingia wapi?" Baba akauliza.

Mpiga ngoma akajitia kukaza ngoma yake.

"Nimesema upumzike, kaka."

"Sawa. Nahesabu."

Baba mdogo akanigeukia mimi. Yeye mtu wa maikrofoni, anayezungumza na ukumbi mzima, alitaka nimalizie mimi ambaye hata chuoni nilikuwa najibu maswali nimeinama. Nikaenda, nikachuchumaa mbele ya kiti cha Baba.

"Baba," nikamwambia, "anamaanisha nyumbani."

Mguu uliendelea kugonga sakafu kidogo, kisha ukatulia. Akayatoa meno, akayafuta kwa shati, akayatia mfukoni. Alisema kitu, lakini bila meno sikumwelewa, na niliona haya kumwomba arudie.