Sarafu Zilizoshonewa Ndani

Tangu asubuhi mshonaji alikuwa akifagia chumba cha kazi, akizunguka cherehani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wifi, huyo anayekuja ni mtunza makumbusho au mposaji?" aliuliza dada wa marehemu mumewe, aliyeketi kizingitini akikata vifungo vya shati kuukuu.

"Usinitie nuksi."

"Nuksi ilianza zamani! Kaka yangu, Mungu amrehemu, alilala na mke anayeota wafalme wa Kigiriki wasio na pua."

Mshonaji alicheka, maana ilikuwa kweli. Tangu ujana wake alikusanya sarafu za Wagiriki wa kale kwa kipato cha kupinda suruali za watu. Zile za fedha aliishia kuzitazama pichani. Yeye alinunua makombo, vijisarafu vya shaba vilivyolika ambavyo wauzaji huvimwaga kapuni pamoja na vifungo vya makoti. Aliviloweka miezi na miezi, akachokoa udongo kwa ncha ya sindano, mpaka likajitokeza sikio, au kwato la farasi, na katika kimoja, nyuki aliyekunjua mabawa. Siku ile ya nyuki hakula mchana.

Mtoto hakujaliwa. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye alitaka aitwe kwa kitu, chochote kile. Na makumbusho ya mji yalikuwa yameahidi: sarafu zake zikifaa, zitakaa ndani ya kioo, na chini yake kadi yenye jina lake.

Mtunza makumbusho alifika, kijana mpole mwenye glavu nyeupe mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti hapo penye mto."

Akamwekea albamu mapajani. Aliishona mwenyewe, kwa kuwa albamu za wakusanyaji zilikuwa ghali kuliko sarafu zake. Alikata plastiki laini ya kufunikia meza, akashona vijifuko safu kwa safu, kisha akaziba kila kimoja kwa uzi ili sarafu isidondoke.

Kijana alifungua, akanusa. Akafungua ukurasa wa pili, taratibu.

"Mama, hiki kijani kimeanza lini?"

"Ah, umekiona!" Uso wake ulichanua. "Kila mwaka kinazidi. Si ndiyo ngozi ya uzee mnayoipenda kwenye shaba ya kale?"

Kijana alibonyeza kijifuko kimoja kwa kidole, na kijani kikatambaa chini ya plastiki kama ute.

"Ngozi ya uzee ni kavu, mama, na ngumu. Hii inanata. Plastiki hii laini hutoa tindikali kidogo kidogo. Inaila shaba."

"Inaila?"

"Imeshaila."

Wifi aliacha vifungo. Mshonaji alivaa miwani, akausogeza ukurasa dirishani. Palipokuwa na nyuki palikuwa na shimo lenye unga.

"Ungeziacha kwenye karatasi tu," kijana alisema, halafu akajuta kusema. "Lakini ushonaji huu... sijaona mshono ulionyooka hivi."

"Usinisifie kaburi nililochimba mwenyewe." Alivua miwani. "Hakuna hata moja?"

Kijana alirudia kurasa zote, na mshonaji alijua anafanya hivyo kwa heshima tu. "Siwezi kuziingiza makumbusho, mama. Unyevu huu utaenda kwenye sarafu nyingine."

"Na ile kadi?"

"Kadi gani?"

"Yenye jina langu. Iwekeni hata pembeni. Andikeni kwamba kulikuwa na mtu."

Kijana alizungusha glavu mikononi. Hakuwa amezivaa hata kidogo. "Kadi haikai bila kitu, mama. Nisamehe."

Alipotoka, wifi alimsindikiza kwa maneno hadi barabarani. "Mwanamume mzima, umekosa hata uongo wa kumfariji mtu mzima mwenzio! Shule gani hiyo mliyosoma!" Aliporudi alikuwa amenywea, akamwita mshonaji.

"Wifi."

"Bee."

"Zitupwe?"

Mshonaji alichukua wembe akaanza kufumua, mshono kwa mshono, na kila sarafu iliyotoka ilimwachia kijani vidoleni, bila sura yoyote. Wifi alivuta kigoda. Akashika plastiki upande wa pili, akainyoosha, ili wembe upite vizuri.