Mstari wa Kwanza wa Magamba

Theluji ikianguka, waezekaji hatuna kazi. Paa likishika barafu hata paka hulikwepa, na paka mwenyewe ni mimi: ndivyo wenzangu wa kikosi wanavyoniita, kwa sababu hutembea juu ya kenchi bila kushika kitu. Lakini mfungie Paka ndani miezi miwili uone. Nilikuwa nikitoka jikoni naenda dirishani, dirishani naenda mlangoni, nafungua, baridi inanizaba kofi, nafunga.

"Kaa chini, mwanangu," akasema Shangazi. "Unanitia kizunguzungu."

Baba akainua macho. Kizunguzungu kilikuwa cha Baba. Mwezi wa kumi, tukimalizia paa la ghala, aliachia ngazi ghafla kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, nikamdaka mkanda wa suruali. Wenzetu hawakuona. Alisema ni njaa. Alikuwa ametoka kula sahani mbili mbele ya macho yangu.

Na sasa kulikuwa na kazi ya bweni la wauguzi. Ghorofa tatu, vigae vya mbao kutoka upenuni hadi kileleni, kuanza mara theluji ikiyeyuka. Msimamizi wa ujenzi alitaka jina la fundi mkuu Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Baba alikuwa na jina tayari: lake.

"Mpe langu," nikamwambia.

"Wewe hujawahi kuongoza paa."

"Niko juu miaka sita."

"Hata njiwa yuko juu."

Shangazi ni dada yake mkubwa, mshona mapazia, na Baba humwogopa yeye peke yake duniani. Alitoa pini mdomoni. "Basi mjaribu. Au unaogopa atafaulu?"

Baba akakuna kidevu. Nilijua anatafuta pa kutokea.

"Niezekee nyumba," akasema hatimaye. "Ndogo, ya kuenea mezani. Usinunue kitu isipokuwa gundi. Vingine vyote uviokote nje. Jumamosi asubuhi nitaimwagia maji. Isipovuja, bweni ni lako, na mimi sipandi ngazi tena. Ikivuja, nisilisikie tena neno kizunguzungu humu ndani."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Siku tano. Nyuma ya nyumba zetu kuna kijisitu chembamba ambamo watu hutembeza mbwa. Nilikiingia na ndoo, nikipekua theluji kwa kiatu. Niliokota vijiti vya kuta, magome yaliyobanduka kwa ajili ya mlango, kokoto, vikofia vya mbegu za mwaloni. Matunda ya msonobari niliyakuta yamelowa, na tunda la msonobari likilowa hujifumba kama ngumi. Niliyapanga kwenye trei mbele ya hita, nikayasubiri yafumbuke ndipo niyang'oe magamba kwa koleo, yawe vigae vyangu. Kusubiri ndiko kuliniua. Nilikuwa nikiyatembelea kila dakika kumi.

"Hayataki kutazamwa," Shangazi akasema. "Hata mimi nisingevua nguo mbele yako."

Ua niliufanya kwa yale majani mafupi yanayoota magogoni kama manyoya. Kando ya mlango niliweka benchi la kijiti, na juu yake mtu wa mbegu ya mwaloni mwenye kofia yake.

"Huyu ni nani?" Baba akauliza akipita, akijifanya anatafuta miwani.

"Wewe."

"Mbona mnene?"

"Amestaafu."

Hakucheka. Lakini kila alipopita alipunguza mwendo.

Paa nililifanya siku mbili. Kila mtu wa kazi yetu anajua: unaanza upenuni, unapanda, kila mstari unafunika kichwa cha ulio chini yake, na gamba la juu linakaa juu ya mwanya wa magamba mawili ya chini. Nilitumia kibano cha nyusi cha Shangazi. Vidole viliniuma. Usingizini niliendelea kupanga, na nilipoamka nilikuta nimekunja shuka mistari mistari. Ijumaa jioni gamba la mwisho lilikaa kileleni, nami sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Jumamosi saa tatu asubuhi Baba alichukua birika dogo. Akamwaga kileleni, taratibu. Maji yakateleza mstari hadi mstari. Nikainama kuchungulia kupitia mlango wa gome. Pakavu. Akamwaga katikati. Pakavu. Akamwaga karibu na upenu.

Tone. Kisha jingine. Yakafuatana, yakiuteremka ukuta kwa ndani.

Baba aliweka birika chini. Nilitegemea aringe, lakini alikuwa anatazama pembeni. "Imevuja," akasema. "Makubaliano ni makubaliano."

Akaelekea kwenye simu. Nilibaki nimeinama. Maji yalikuwa yanapita mahali pamoja tu: katikati ya gamba na gamba, mstari wa kwanza kabisa. Mistari mingine yote, chini ya mwanya kulikuwa na gamba. Chini ya mianya ya mstari wa kwanza hapakuwa na kitu.

Nikakumbuka mapaa ya zamani tuliyoyang'oa. Ukingoni nilikuwa nikikuta vigae viwili viwili, kimoja juu ya kingine, nikadhani ni viraka vya fundi mvivu. Kisha nikakumbuka jambo jingine. Miaka sita, kila paa jipya, nilipofika saa moja mstari wa kwanza ulikuwa umeshapangwa. Baba alipanda alfajiri, peke yake. Tulisema ni bidii.

"Mstari wa kwanza unapangwa mara mbili," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya simu.

"Mara mbili, Baba, na wa juu unaziba mianya ya wa chini. Ndiyo maana hukutaka tuuone."

"Hata mimi babu yako hakunionyesha. Niliujua nilipovujishia watu nyumba."

"Na mimi ungenionyesha lini?"

"Siku nitakayoshindwa kupanda."

"Siku hiyo ilikuwa mwezi wa kumi."

Shangazi alikuwa hajainua macho kutoka kwenye pazia lake. "Mficha uchi hazai," akasema. "Na wewe umeshazaa, kwa hiyo umechelewa."

Baba akavuta kiti, akakaa kwa uzito. "Nikikupa mstari ule," akasema polepole, "mimi nabaki na nini?"

Saa ilikuwa inakimbia. Niling'oa mstari wa kwanza kwa kibano, nikapanga mwingine mahali pake, kisha nikaurudisha ule juu yake, nikiuhamisha nusu gamba. Nikaisogeza nyumba mbele ya hita gundi ikauke. Mguu wangu ulikuwa unapigapiga sakafu wenyewe. Saa sita kasorobo nikachukua birika mwenyewe, nikamwaga upenuni mpaka ua ukawa bwawa. Baba aliinama kuchungulia mlangoni, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pakavu," akasema.

Simu ikalia. Akaniangalia, akanisukumia.

Nikamtajia msimamizi jina langu. Akauliza kikosi kitafika saa ngapi siku ya kwanza.

"Saa kumi na moja alfajiri," nikasema. "Kikosi kizima. Mstari wa kwanza tutaupanga pamoja."

Nilipokata simu Baba alikuwa ameinua kichwa.

"Utawaonyesha wote?"

"Wote, Baba."

Akaokota gamba lililobaki mezani, akaligeuzageuza, akaliweka, akaliokota tena.