Haina Shida ya Saady

Saady, mwenye duka la mashine sokoni Kasulu, alikuwa na ugonjwa mmoja: kukubali. Ukimkanyaga mguu anakwambia haina shida. Mama yake, Kudra, ndiye aliyemlea kwa adabu hiyo, na mwaka 2014 ikaanza kumnyima mama huyo usingizi.

Saady alikuwa ameagiza mashine za kusaga mihogo kutoka China kwa LC, ile barua ambayo kwayo benki inaahidi kumlipa muuzaji. Shamba la marehemu baba yake kule Heru Juu ndilo lililowekwa rehani. Sasa, benki haifungui makasha. Inasoma karatasi tu. Zikitimia, cheti cha ukaguzi kikiwemo, inalipa. Ikipungua moja, anaulizwa mwenye mzigo kama anakubali hivyo hivyo. Zamani aliitwa ofisini akasaini, na njiani akapata kuwaza. Mwaka ule benki yao ikabadilisha: neno la kwenye simu linatosha, na linarekodiwa.

Kudra aliyajua hayo Kibondo, alikokwenda arusini kwa shemeji yake Gharibu. Alikuta uani mashine mpya kabisa, kuku wamelala juu yake. Hazikuwa na chekeche, na mota zake zilishindwa hata unga wa uji. Gharibu alieleza kwamba binti wa benki alimpigia kuwa cheti cha ukaguzi hakipo, akiwa anavua viatu mlangoni mwa msikiti, naye asitake kumchelewesha binti wa watu, akajibu ni sawa. Benki ikalipa.

Siku simu ya Saady ilipolia, mama alikuwa pale dukani na chai yake. Binti wa benki, sauti laini, alisema karatasi zimefika, kasoro cheti cha ukaguzi tu, je, walipe? Saady akatabasamu, akafungua mdomo.

"Mwambie ina shida," Kudra akasema.

"Mama, dada wa watu anasubiri."

"Asubiri. Kwani umemposa? Mwambie hukubali mpaka cheti kije."

Saady akasema huku jasho linamtoka, na pole nyingi juu yake. Binti wala hakununa. Muuzaji akaandikiwa, akanung'unika wee, mwisho akaita mkaguzi, naye mkaguzi akamrudisha kiwandani kutafuta chekeche zilizosahaulika. Mashine zilifika nzima, na Heru Juu mihogo bado ni ya kwao.

Mwenye kijana anayeagiza mzigo na amkalie karibu. Binti wa benki siku hizi akipiga, kabla hata ya salamu anauliza, "Kaka Saady, mama yupo hapo?"